Jabali la Bi Pimbi na Kuni Zisizo na Mwenyewe

Hapo zamani za kale, kabla redio ya babu yenu haijaanza kututangazia kila siku kwamba Urusi na nchi za Magharibi wamenuniana tena, kulikuwa na Dubu na kulikuwa na Tai, nao walinuniana hivyo hivyo.

Mnaniuliza waligombania nini. Sogeeni hapa. Mwenye mikono safi anisaidie kumenya mihogo, na atakayesinzia nitamrushia ganda.

Dubu mimi sijapata kumwona, na ninyi pia hamjamwona. Basi mchukueni ng'ombe mnene, mwondoeni pembe, mvisheni blanketi zito, mfundisheni kusimama kwa miguu miwili na kununa. Huyo ndiye Dubu. Alikaa kaskazini kwenye baridi, katika msitu wa misonobari usio na mwisho. Kuni zake zilikuwa nzuri ajabu. Ukiziwasha zinawaka fuu, nyumba nzima inanukia utomvu, na sufuria inachemka kabla hujamaliza kuosha mchele.

Magharibi alikaa Tai, juu kabisa, anatazama nyumba za watu wote kama vile alizijenga yeye. Alikuwa na marafiki wengi, na msemaji wao alikuwa Jogoo, maana Jogoo akiwa na neno lazima kila mtu aamke. Hao wa magharibi hawakuwa na kuni, ila walikuwa na chumvi.

Zamani walielewana. Kuni zilikwenda magharibi, chumvi ikaja kaskazini, watu wakala. Mpaka siku moja Dubu akaingia shambani kwa jirani yake Nungunungu. Hakupiga hodi. Kwacha, kwacha, akavunja ua, akaketi katikati ya mihogo ya watu.

"Bwana Dubu," akasema Nungunungu, "hapa ni kwangu."

"Kwako tangu lini? Babu yangu alikuwa akijikunia mgongo kwenye mti ule pale."

"Babu yako alikuja akajikuna, akaenda zake."

"Basi na mimi najikuna," akasema Dubu, na akaendelea kukaa.

Nungunungu alisimamisha miiba yake yote, akamchoma Dubu kila alipogeuka. Dubu alipiga kelele, lakini shamba hakulirudisha.

Tai akapanda juu, akatangaza: "Mmemwona huyu asiye na adabu? Kuanzia leo hatununui kwake hata kijiti, wala hatumuuzii hata punje ya chumvi."

"Kokorikoo!" Jogoo akadakia. "Hata kijiti!"

Dubu naye akanguruma kutoka kule kaskazini. "Na mimi siuzi. Na wewe Tai unayenifundisha hodi, mwaka ule uliposhuka kwenye banda la Kanga, ulipiga hodi wewe?"

Tai akajifanya anatafuta kiroboto kwenye bawa.

Wakafukuziana wajumbe. Tai akamfukuza Kunguru, mjumbe wa Dubu. Dubu akamfukuza Njiwa, mjumbe wa Tai. Wale wawili wakakutana njiani, kila mmoja na mkeka wake na sufuria yake. Wakapeana pole, wakapika pamoja. Wao hawakuwa na ugomvi.

Sasa, katikati ya Dubu na Tai palikuwa na jabali kubwa, na ndani ya nyufa za jabali hilo aliishi Bi Pimbi na watoto wake wanne. Pimbi mnamjua, yule mdogo, mfupi, asiye na mkia, anayeota jua maweni asubuhi kama mzee mwenye baridi yabisi. Watu humcheka kwa kukosa mkia. Yeye husema mkia ni mzigo tu, una kazi gani jikoni?

Asubuhi moja Bi Pimbi yuko ndani, anawalisha watoto. Mara puu! Jabali likatikisika, vumbi likawamwagikia watoto machoni.

"Nani huyo anatuangushia nyumba?"

"Usiogope, bibi," sauti nzito ikajibu kutoka juu. "Ni mimi Dubu, mlinzi wako."

Bi Pimbi akatoka, akamwona Dubu amelikalia jabali lote, makalio yamefunika milango miwili.

"Unanilinda na nani, Bwana Dubu?"

"Na Tai. Tai akikaa hapa juu ataona mpaka ndani ya sufuria zangu. Kwa hiyo nikae mimi kwanza. Mvua zikianza nitakuwa nimeshahamia, mimi na magunia yangu."

"Na watoto wangu watalala wapi?"

Dubu akafikiri. "Watoto ni wadogo," akasema. "Wadogo hawakosi mahali." Akateremka, kila hatua inaangusha jiwe.

Kabla vumbi halijatulia, bawa likapiga, fwaa.

"Hodi, nimeshaingia," akasema Tai. Huyo ndivyo alivyokuwa, hodi yake na kiti huja pamoja. "Bi Pimbi mpendwa, tumesikia shida yako. Nitajenga kiota hapa, cha magogo hasa. Na haya mashimo yanayoingiza upepo nitayaziba."

"Mheshimiwa, hayo mashimo ndiyo milango yangu."

"Usalama kwanza, Bi Pimbi."

"Unanilinda na nani?"

"Na Dubu. Akikaa hapa ataona kila tunachofanya. Ni lazima nimtangulie. Nitarudi na magogo kabla ya mvua."

Fwaa, akaenda zake.

Nisiwadanganye, Bi Pimbi alilia. Mvua zilikuwa karibu, watoto hawajaota hata manyoya ya kutosha, na pimbi hajui kuchimba shimo kama panya. Jabali likienda, hana kwingine. Alikaa pale mlangoni analia mpaka jua likafika utosini, saa ambayo wanyama wote wamejilaza kivulini.

Ndipo akasikia nyuma ya jabali, upande wa kusini: chaka, chaka, chaka. Akachungulia. Akaona mkia.

Mkia wa Ngiri mnaujua? Ngiri akikimbia huusimamisha wima. Hata akijificha kwenye majani marefu kuliko yeye, ule mkia unamtangulia kusema yuko wapi. Chini ya mkia huo alikuwa Mzee Ngiri mwenyewe, na mgongoni mzigo mkubwa umefunikwa mkeka.

"Mzee Ngiri, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Usinisimamishe, nina mzigo."

"Mzigo gani?"

"Kuni."

"Mbona zinanukia msonobari?"

"Ni kuni za Ngiri," akasema. "Zikishapita uani kwangu zinakuwa za Ngiri. Kabla ya hapo sikumbuki zilikuwa za nani."

"Na unazipeleka wapi?"

"Jikoni kwa Tai na kwa Jogoo, mlango wa nyuma, kila siku saa hii hii. Halafu nikirudi nabeba chumvi. Hiyo nayo ikipita kwangu inakuwa ya Ngiri, ndipo inakwenda mezani kwa Dubu."

Bi Pimbi akasahau kulia. "Lakini si wamesema hata kijiti? Hata punje?"

Ngiri akacheka mpaka mzigo ukayumba. "Mwanangu, hayo ni ya barazani. Jikoni watu wanataka kula."

"Wenyewe wanajua unapita hapa?"

"Hawajui, na hawataki kujua. Tai aliwaambia wapishi wake, nisiambiwe njia wala saa, ili nikiulizwa niape bila kigugumizi. Na Dubu kamwambia mkewe maneno hayo hayo. Haya, acha nipite, Jogoo hapendi uji ucheleweshwe."

Akaenda, mkia juu, chaka, chaka, chaka.

Bi Pimbi akabaki amesimama. Akawakumbuka kuku wa Jogoo aliowaona jana, wanakunywa uji baridi kwa sababu hakuna kuni, na Jogoo amewaambia wavumilie kwa heshima ya Nungunungu. Akawakumbuka Mbweha na wenzake wa kule kwa Dubu, wanakula mboga isiyo na chumvi mwezi hadi mwezi, na Dubu amewaambia wamlaani Tai. Alikasirika, wajukuu zangu. Hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe. Lakini alipomaliza kukasirika akacheka kidogo, akafuta machozi, akajitia vumbi la kujipamba, akashika njia ya kaskazini.

"Hodi kwa Bwana Dubu."

"Karibu, bibi. Umekuja kuniomba nihamie mapema?"

"Nimekuja kukuambia desturi yetu. Jabali la pimbi halihamiwi kwa kulikalia tu. Mama yangu alipohamia, alipanda juu na watu wake wote, jua la utosini. Akapika uji, watu wakanywa. Kisha akataja kwa sauti anachokiona pande zote nne, na kila akitaja, watu wakaitikia: Tumeona. Wasipoitikia, nyumba haijawa yake, hata akiikalia mpaka azeeke."

Dubu akakuna kichwa. "Kwani lazima?"

"Si lazima. Watu watasema tu Dubu kaingia tena bila utaratibu."

Hapo akamgusa penyewe. Dubu alikuwa amechoka kusemwa kuhusu ule ua. "La, la. Safari hii nataka iwe halali. Ni lini?"

"Keshokutwa. Wahi, maana Tai naye ameniambia atakuja wiki ijayo."

"Wiki ijayo atanikuta nimeshakaa," akasema Dubu, na akaagiza ngoma.

Bi Pimbi akageuka magharibi. Kwa Tai maneno yalikuwa yale yale, ila huko hakuhitaji kubembeleza. Tai alisikia neno desturi, akanyoosha shingo.

"Sisi ni watu wa utaratibu," akasema. "Nitakuja na wote. Jogoo, andaa hotuba."

"Keshokutwa basi, jua la utosini. Dubu ameniambia atakuja wiki ijayo."

"Atapata taabu bure," akasema Tai.

Mwisho akapita kwa Nungunungu, akamkuta ameketi nje ya shamba lake mwenyewe, anatazama ndani. "Njoo keshokutwa unywe uji," akamwambia. Nungunungu akasema hana hamu ya uji. Bi Pimbi akasema, "Njoo hivyo hivyo."

Keshokutwa ikafika. Jua la utosini. Upande wa kaskazini ngoma inalia, ndi ndi ndi, Dubu anapanda na Mbweha na majirani wa msituni wote. Upande wa magharibi Tai anashuka fwaa, na nyuma yake Jogoo, kuku na bata wanaparamia mawe. Kileleni wakakutana pua kwa mdomo.

"Huyu anafanya nini hapa?" akanguruma Dubu.

"Wewe ndiye unafanya nini hapa?" akasema Tai.

"Karibuni wote," akasema Bi Pimbi, anakoroga uji kana kwamba hakuna lolote. "Mmewahi pamoja, basi mtataja pamoja. Atakayemaliza pande nne watu wakaitikia, jabali ni lake."

Ahaa, mngeona mbio hizo.

"Kaskazini!" Dubu akapayuka. "Naona msitu wangu!"

"Tumeona," wakaitikia watu wake.

"Magharibi," akasema Tai harakaharaka. "Naona nyumba zetu nzuri."

"Tumeona," wakaitikia kuku.

"Mashariki naona shamba la…" Dubu akameza mate. "La babu yangu."

Hakuna aliyeitikia. Hata Mbweha alitazama miguu yake. Ndipo Nungunungu, aliyekuwa amesimama pembeni na kikombe ambacho hakukigusa, akasema polepole: "Mimi naona ua wangu umevunjwa."

"Tumeona," akasema bata mmoja. Na Mbweha akasema pia, lakini kwa sauti ndogo.

"Kusini bado," akasema Bi Pimbi upesi. "Geukeni kusini."

Wakageuka wote, Dubu anamsukuma Tai, Tai anamsukuma Dubu, kila mmoja anataka atangulie.

"Kusini naona…" akaanza Dubu.

"Kusini naona…" akaanza Tai.

Kule chini kwenye majani marefu kulikuwa na mkia. Umesimama wima, unakuja. Chaka, chaka, chaka.

"Naona majani," akasema Dubu.

"Majani matupu," akasema Tai.

"Mimi naona mkia," akasema Mama Tetea, kuku mzee wa nyumbani kwa Jogoo, ambaye macho yake yalikuwa mazima kuliko ya vijana.

Mzee Ngiri akainua kichwa, akaona umati umejaa kileleni. Akafurahi, akadhani ni mapokezi. Akaufunua mkeka, harufu ya msonobari ikapanda mpaka juu.

"Hodi wenyewe!" akaita. "Bwana Dubu, leo umekuja mwenyewe kusindikiza mzigo? Kuni zako zimefika salama. Mheshimiwa Tai, waambie jikoni wafungue mlango wa nyuma kama kawaida. Na wewe Dubu usijali, chumvi yako nitaibeba nikirudi."

Uji peke yake ndio ulikuwa unasema, pwata, pwata.

Kisha kuku wa magharibi wakawatazama wanyama wa kaskazini, na wanyama wa kaskazini wakawatazama kuku. Wenye uji baridi na wenye mboga isiyo na chumvi. Hakuna aliyewahesabia moja mbili tatu, lakini wakasema wote kwa pamoja, kwa sauti moja:

"Tumeona."

Dubu akakohoa. Tai akakohoa. Jogoo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa neno, akajificha nyuma ya bata.

"Jua ni kali," akasema Tai. "Macho yanadanganya. Kuni zile si zetu."

"Kwa mara ya kwanza nakubaliana na jirani yangu," akasema Dubu. "Wala si zangu. Sijapata kuziona."

"Mzee Ngiri," akauliza Bi Pimbi, "basi ni zako?"

Ngiri akawatazama Mbweha na kuku walivyokuwa wamekunja sura, akaona leo si siku ya kuwa na kuni. "Mimi? Mimi nimebebeshwa tu. Mgongo wenyewe unaniuma."

"Basi hazina mwenyewe," akasema Bi Pimbi. "Nungunungu, teremka ukazichukue. Zinatosha kuanza kujenga ua."

Dubu akafungua mdomo. Akaona watu wake wanamtazama. Akaufunga. Angesema nini? Kuni si zake, ameshaapa.

Nungunungu akateremka. Akabeba mti mmoja mmoja, tena kwa kuchagua, akipitia kileleni, na kila alipopita karibu na Dubu miiba ilimsugua kidogo, kwa bahati mbaya.

"Sasa tuendelee," akasema Bi Pimbi. "Upande wa kusini haujatajwa sawasawa. Nani anataka kuhamia hapa, yeye na watu wake wote, wawe wanaangalia kusini kila siku jua la utosini?"

"Si mimi," akasema Dubu.

"Wala mimi," akasema Tai. "Naona heri jabali hili asipande mtu yeyote. Yeyote kabisa. Kwa usalama."

"Kwa usalama," akasema Dubu.

"Semeni kwa sauti, watu wasikie."

Wakasema kwa sauti, Dubu na Tai, bega kwa bawa. Watu wakaitikia: "Tumesikia."

Walipoteremka Dubu aliteleza, bururu mpaka chini, maana jabali linahitaji miguu ya pimbi. Nyuma yake Mbweha alikuwa akimwambia mkewe, bila kuficha, kwamba leo anapita nyumbani kwa Dubu kuomba chumvi. Upande wa pili Mama Tetea alikuwa ametangulia mbele ya Jogoo, anaelekea ule mlango wa nyuma, na kuku wote wanamfuata na vikombe vyao.

Bi Pimbi akaingia ndani. Baada ya siku chache mvua ya kwanza ikaanza kupiga juu ya jabali, to, to, to, watoto wanne wamelala wakavu. Huko mashariki ua wa Nungunungu ulikuwa umesimama upande mmoja. Pande nyingine bado, na Dubu bado alikuwa anajikuna kwenye ule mti; lakini sasa kila akijikuna alikuwa anatazama kwanza nani anamwona.

Mihogo imekwisha, na hadithi yangu imekwisha nayo, mniletee sufuria. Na redio ikianza tena kusema kwamba wakubwa wamenuniana, wajukuu zangu, msikimbilie kumshangilia mmoja wao. Nendeni kwanza mkanuse jikoni kwao.